Mzee Anaposahau Njia ya Nyumbani



Wapendwa taifa la Mungu, katika Dominika ya nne ya mwezi wa Julai Kanisa huadhimisha Siku ya Wazee, Mababu na Mabibi, iliyoanzishwa na hayati Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2021 na kuwekwa jirani na kumbukumbu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Siku hiyo sisi huandaa ibada nzuri: wazee huketi viti vya mbele, watoto huwakabidhi maua, akina mama wa WAWATA hupika pilau, nasi huhubiri juu ya hekima ya mvi. Leo mtuwie radhi, kwa maana hatutaandika juu ya hekima ya mvi. Tutaandika juu ya mzee mmoja aliyepotea njia ya kwenda nyumbani kwake, na juu ya kosa letu sisi tuliowekwa kuwa wachungaji wake. Familia yake imeturidhia tuandike, mradi tusitaje jina.

Mzee huyo alikuwa katekista wa kigango chetu kimojawapo kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu wote humwita Mwalimu. Wanandoa wengi wa kigango kile walijifunza Ishara ya Msalaba mbele yake, na watoto wao pia. Kigango chenyewe kipo kando ya ile njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapa kwetu Tabora ikaendelea magharibi hadi Ujiji. Njia hiyo Mwalimu ameipita kwa baiskeli tangu ujana wake, kwa jua na kwa mvua, mfuko wa vitabu ukining'inia kwenye usukani.

Jioni moja vijana wa kwaya walimkuta ameketi chini ya mwembe, baiskeli imelala majanini, naye akitazama huku na huku. Wakamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akawajibu kwa upole, "Mwangaluka." Vijana wakatazamana, kwa sababu hiyo ni salamu ya asubuhi ya wenyeji wetu, na jua lilikuwa linazama. Walipomwuliza anakwenda wapi, alisema, "Nakwenda nyumbani, wanangu, lakini wameigeuza njia." Nyumba yake ilikuwa mbele yao, hatua zisizofika mia tatu. Moshi wa jiko la mkewe ulikuwa unaonekana.

Vijana walimsindikiza hadi mlangoni, kisha wakaja kutuambia. Ndipo tulipoanza kukumbuka mambo ambayo tulikuwa tumeyaona kwa macho yetu wenyewe tukayasoma vibaya. Miaka miwili kabla ya jioni ile, Mwalimu alianza kukosea. Alitangaza Dominika ya Majilio wakati tulikuwa Kwaresima. Katika mazishi ya jirani yake alitaja jina la marehemu mwingine, aliyezikwa mwaka uliotangulia. Alikuwa mtu mpole, akawa mwepesi wa hasira. Alianza kutembea kwa hatua fupi fupi, akiburuza miguu. Minong'ono ikaanza kwamba Mwalimu siku hizi anaonja pombe ya kienyeji kabla ya ibada. Halmashauri ya kigango ilituletea shauri hilo, nasi tukalimaliza kwa namna tuliyoiona ni ya heshima: tulimstaafisha, tukamkabidhi blanketi na kitenge cha mkewe, tukamshukuru kwa hotuba ndefu. Watu walipiga makofi. Hatukumwuliza hata swali moja juu ya afya yake.

Mkewe alijaribu kutuambia. Siku ile ya kuagwa alitujia sakristia akasema kwamba asubuhi moja, miezi kadhaa nyuma, mumewe aliamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kushoto umelegea kama si wake. Baada ya siku mbili hali ikarudi. Jirani mmoja alisema amepigwa na upepo mbaya. Mama huyo akatuomba tumwombee Mwalimu. Tukamwekea mikono kichwani, tukasali, tukapanda pikipiki tukaenda kigango kingine. Wapendwa, sala ile haikuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kuondoka bila kusema neno la pili, yaani: "Mama, kesho asubuhi mpeleke zahanati akapimwe presha."

Na pale tuliponyamaza sisi, wengine walisema. Mwalimu alipoanza kupotea njia, watoto wake wawili walirudi kutoka Kahama, na mmoja wao akaenda kwa mpiga ramli. Jibu alilorudi nalo liliingia kijijini kabla yake: baba yao amefungwa akili, na aliyemfunga ni mtu wa damu yake. Hakuhitaji kutaja jina. Dada mkubwa wa Mwalimu ni mjane, anaishi peke yake katika nyumba ya pili, na macho yake ni mekundu.

Ninyi mnaotusoma kutoka nyanda hizi za magharibi mnajua maneno hayo yana uzito gani. Tunalo jeraha ambalo hatupendi kulitaja kanisani. Katika miaka ya 1990 na ya 2000, wanawake wazee wengi waliuawa kwa tuhuma za uchawi katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora, na mara nyingi ushahidi pekee ulikuwa macho mekundu. Macho hayo hayakuletwa na uchawi. Yaliletwa na miaka hamsini ya kupulizia moto wa kuni na mavi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha, wakiwapikia watu wale wale waliokuja kuwashuku.

Mke wa Mwalimu alikuja parokiani usiku, akiwa na khanga kichwani na viatu mkononi. Safari hii tulimsikiliza. Asubuhi yake tulikwenda pamoja na mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa jumuiya, tukaketi na watoto wale hadi mchana. Hatukuwashinda kwa hoja. Tulichoweza kupata kwao ni ahadi moja tu: kwamba hawatafanya lolote, wala hawatasema lolote juu ya shangazi yao, kabla baba yao hajafikishwa hospitali kubwa na daktari hajasema neno. Sisi tukaahidi kufuatana nao.

Tulikwenda. Presha ya Mwalimu ilikuwa 190 kwa 110. Muuguzi aliuliza alianza dawa lini, na hakuna aliyejibu, kwa kuwa katika miaka yake yote 71 hakuwahi kufungwa kile kitambaa cha kipimo mkononi. Picha ya ubongo ilipokuwa tayari, daktari aliiweka mbele ya mwanga akawaita watoto wakaribie. Akawaonyesha kwa ncha ya kalamu madoa madogo meusi, hapa na pale, kama mashimo ya mchwa kwenye mbao. Akasema kila doa ni mahali ambapo damu ilikoma kufika, sehemu ile ya ubongo ikafa. Mengine ni ya zamani, mengine ya karibuni; mengine huenda Mwalimu mwenyewe hakuyasikia yakimpata.

Mtoto mkubwa alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hiyo, daktari, ni shangazi au siye?"

Daktari alimtazama. "Ni presha," akasema. "Na huyo shangazi yenu naye mleteni apimwe."

Alipimwa juma lililofuata. Naye anayo.

Tangu siku ile tumekuwa tukilirudia neno moja katika mahubiri na mikutano ya jumuiya ndogondogo, na ndilo tunalotaka mlichukue leo. Ugonjwa usiopewa jina lake hutafutiwa jina lingine, na huku kwetu jina hilo mara nyingi ni la mama mzee. Kwa hiyo kumpima mzee presha ni tendo la huruma kwake, na ni tendo la haki kwa mjane wa jirani.

Turuhusuni tueleze kwa ufupi mambo tuliyojifunza. Ubongo wa mwanadamu ni sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili, kama kilo mbili katika kila mia, lakini hutumia karibu sehemu moja ya tano ya hewa safi yote inayosafirishwa na damu. Hauna ghala. Hauwezi kuweka akiba ya juma, wala ya saa moja. Lazima uletewe bila kukoma. Wazee wetu walioishi kwa misafara wangeuelewa upesi. Unyanyembe ilistawi kwa sababu njia ilikuwa wazi. Vita vya Mirambo vilipoifunga njia ya magharibi mnamo mwaka 1871, misafara ilikwama hapa, na biashara ya mji ikateseka. Hata Dkt. Livingstone alikaa Kwihara kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akiwangoja wapagazi kutoka pwani. Pasipo wao hakuweza kusogea.

Presha ni nguvu ambayo damu huisukumia kuta za mishipa. Nguvu hiyo ikizidi kwa miaka mingi, mishipa mikubwa huumia, na ile myembamba kama nywele iliyomo ndani kabisa ya ubongo hukakamaa na kuziba. Ukiziba mshipa mkubwa, tunaona kiharusi, mtu anaanguka, kijiji kizima kinajua. Ikiziba midogo, mmoja mmoja, hakuna anayejua. Mtu hupungukiwa ngazi kwa ngazi: leo anachelewa kufikiri, baada ya miezi anashindwa kupanga kazi yake ya siku, kisha tabia inageuka, mwendo unageuka, mkojo haungoji. Sisi tunasema, "Ni uzee." Uzee huleta usahaulifu mdogo, kama kusahau ulipoweka miwani. Kusahau nyumba uliyoijenga kwa mikono yako ni ugonjwa.

Wataalamu huuita ugonjwa huo dimensia, nao una aina kadhaa. Iliyo maarufu zaidi duniani ni ile ya Alzheimer, na inayotokana na mishipa ya damu huifuata kwa karibu. Mara nyingi hizo mbili hukaa pamoja katika kichwa kimoja. Jambo hili lilionyeshwa vizuri na masista. Nchini Marekani, masista 678 wa Shirika la Notre Dame walikubali kupimwa kumbukumbu zao mwaka hata mwaka katika uzee wao, na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Mwaka 1997 watafiti waliandika kwamba miongoni mwa masista ambao ubongo wao ulikuwa na alama za Alzheimer, wale waliokuwa pia na makovu ya viharusi vidogo ndio waliopotewa na akili zaidi walipokuwa hai. Maana yake ni kwamba ukiilinda mishipa, unaweza kumpunguzia mzee mzigo hata pale ambapo ugonjwa mwingine umekwisha kuingia. Hatuna neno la kuwashukuru masista wale, ambao baada ya kufundisha watoto maisha yao yote walikubali kuendelea kufundisha wakiwa kaburini.

Wengine husema haya ni magonjwa ya Wazungu na ya watu wa mjini. Sivyo. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita kijiji kwa kijiji mwaka 2010 wakiwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta dimensia kwa takriban wazee sita katika kila mia. Katika wilaya hiyo hiyo, karibu wazee saba katika kila kumi wa umri huo walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakujua. Na katika uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006, kiharusi kilionekana Dar es Salaam karibu mara tatu zaidi ya Hai: watu 316 kwa kila 100,000 kwa mwaka, dhidi ya 109, baada ya kulinganisha umri wa watu wa pande zote mbili. Mji unaikimbilia hatari hii, na vijiji vyetu vinaufuata mji.

Lakini ipo pia habari njema, nayo imetoka vijijini, tena kwa watu wasio madaktari bingwa. Nchini China, katika utafiti uliohusisha vijiji 326, matabibu wa nusu ya vijiji hivyo walikabidhiwa kazi ya kuwapima na kuwatibu presha watu wa miaka 40 na zaidi, huku wakisimamiwa na madaktari. Baada ya miaka minne, kama ilivyotangazwa mwaka 2025, dimensia ilikuwa imepungua kwa asilimia 15 katika vijiji hivyo kuliko katika vile vilivyoendelea na huduma ya kawaida. Hakuna mashine ya ajabu iliyotumika. Kilitumika kipimo cha presha, vidonge vya bei nafuu, na mtu wa kijijini anayejulikana aliyewafuatilia wagonjwa wake. Tuliposoma hivyo tuliwakumbuka makatekista wetu na viongozi wa jumuiya, ambao wanajua kila mlango.

Basi tuitazame njia yetu wenyewe, kwa kuwa vitu vitatu vinavyoiumiza mishipa ni vitu tulivyovizoea mno kwenye njia hii.

Cha kwanza ni chumvi. Tangu zamani chumvi ya Uvinza, inayotokana na chemchemi za karibu na mto Malagarasi, ilisafiri mikononi mwa wachuuzi na kuwa mali ya kubadilishana. Chumvi ni baraka, na Bwana wetu aliwafananisha wanafunzi wake nayo. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Sisi huweka chumvi sufuriani, kisha tunaweka kikopo cha chumvi mezani, kisha tunakula samaki wakavu waliohifadhiwa kwa chumvi.

Cha pili ni tumbaku. Hapa tunaandika kwa hofu na unyenyekevu. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hili. Urambo, Sikonge na Kaliua wanalijua. Ada za shule za watoto wetu wengi, na hata mabati ya baadhi ya makanisa yetu, vimetokana na marobota ya tumbaku. Hatumhukumu mkulima anayetafuta riziki. Twasema tu kwamba anayeivuta huikaza mishipa yake, ya moyo na ya ubongo, na kwamba tuliopokea sadaka ya zao hili tuna wajibu mkubwa zaidi, si mdogo, wa kusema ukweli huo.

Cha tatu ni moshi. Tume ya wataalamu ya jarida la Lancet, katika taarifa yake ya mwaka 2024, ilitaja mambo 14 ambayo, yakirekebishwa katika maisha yote, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu nusu ya dimensia duniani. Presha imo, kisukari kimo, lehemu imo, uvutaji wa tumbaku umo, upweke umo, masikio yasiyosikia yamo; na hewa chafu imo. Wapendwa, litafakarini hili polepole. Moshi ule ule uliomletea mama mzee macho mekundu ndio unaoweza kuidhuru mishipa yake na akili yake. Tulimfungia jikoni, jiko likamjeruhi, kisha tukaliita jeraha hilo uchawi. Dirisha katika jiko la mama yako na jiko banifu lenye bomba la moshi ni sadaka iliyo kubwa kuliko unavyodhani.

Tusije tukaonekana tunawahubiria wengine tu. Daktari yule, alipomaliza na Mwalimu, alitugeukia akauliza, "Na wewe, Baba Paroko, lini ulipimwa?" Tulicheka. Umri wetu haujafika hamsini, tunacheza mpira na vijana wa seminari wakija likizo, hatuumwi kichwa. Akatufunga kipimo. Ilikuwa 162 kwa 100. Akatupima tena baada ya kupumzika, ikawa 158. Kisha akatueleza jambo ambalo hatukulisoma Kipalapala: kwamba presha inayoharibu akili ya mzee wa miaka 75 mara nyingi ndiyo ile aliyoibeba bila dawa alipokuwa na miaka 45, akicheka na kusema haumwi kitu. Tangu siku hiyo tunameza kidonge kila asubuhi baada ya Masifu. Waamini wanaotukaribisha chakula vigangoni, tafadhali msituwekee kikopo cha chumvi mezani, wala msituone tuna madaha.

Tunaomba basi mambo machache. Kila aliyetimiza miaka 40 apimwe presha, hata kama anajiona mzima. Muuguzi mmoja muumini wetu amekubali kuketi chini ya mwembe wa kanisa kila Dominika ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya pili, na hatatoza kitu. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, nenda kituo cha afya ukapimwe tena. Aliyepewa dawa asiache kwa sababu amejisikia vizuri, kwa maana amejisikia vizuri kwa ajili ya dawa. Mtu akigeuka mdomo, akilegea mkono au akikokota maneno, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama hali itarudi njiani. Na mzee asiye na uwezo aulizie haki yake, kwa kuwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikwisha kutamka juu ya matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza.

Kuhusu sala, tuelewane. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya Watanzania walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja cha dawa, na wapo walioacha vidonge vyao. Hata leo wapo wanaotoka katika mikesha ya maombezi wakitangaza kwamba presha imekemewa. Kanisa halifundishi hivyo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anatuagiza tumwombe Mungu tunapougua na pia tumpe tabibu nafasi yake, kwa sababu Mungu ndiye aliyemwumba na tabibu. Mleteni mgonjwa apokee Mpako Mtakatifu, wala msingoje hadi awe anakata roho. Na yule aliyepotewa na fahamu anaweza kuupokea, ikiwa angeuomba alipokuwa na akili zake. Kisha mpeni kidonge chake cha jioni.

Na kwa wale ambao kumbukumbu yao imekwisha kwenda, ambao dawa huenda isiirudishe? Bin Sira huyo huyo, katika sura ya tatu, anamwambia mwana amvumilie baba yake hata akili zikimpungukia, asimdharau akiwa yeye mwenyewe yupo katika nguvu zake. Maandiko yalikwisha kumwona mzee huyu kabla yetu. Msimfanyie mtihani kwa kumwuliza, "Mimi ni nani? Nitaje!" Mtaje jina lako mwenyewe unapoingia. Akisema amemwona mama yake aliyefariki miaka arobaini iliyopita, usibishane naye. Mwombe akusimulie habari zake. Msimfungie ndani kwa aibu. Na anayemtunza, ambaye kwa kawaida ni mke au binti, apumzishwe na jumuiya walau siku moja kwa juma, maana naye ni mtu.

Kwenye njia hii yetu ipo hadithi ya kweli inayotusaidia. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, wenzake Chuma na Susi na kundi lao waliubeba mwili wake kuelekea pwani. Walipofika hapa Unyanyembe, afisa wa Kiingereza Cameron aliwashauri wauzike hapa hapa, kwa kuwa njia iliyobaki ilikuwa ndefu na ya hatari. Walikataa. Wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ikiwa watu wale waliweza kumbeba hivyo mtu aliyekwisha kufa, sisi tutakosaje kumbeba aliye hai, aliyetufundisha kusali, kwa sababu tu hawezi tena kututaja majina?

Mwalimu yupo nyumbani. Presha yake sasa ni 136 kwa 84, na daktari anasema madoa mapya yanaweza kuchelewa, ingawa ya zamani hayafutiki. Dada yake anaishi salama katika nyumba ya pili, na jiko lake limepata dirisha. Lilitobolewa na yule mtoto aliyekwenda kwa mpiga ramli. Jumatano jumuiya husali Rozari kwa Mwalimu. Akianzishiwa Salamu Maria huendelea mwenyewe, kwa sauti ile ile ya zamani, ila hajui tena mahali pa kukomea, na kumi lake wakati mwingine hufika kumi na nne. Hakuna anayemsahihisha. Tunajibu zote.

Tuombeane, na tukutane Dominika ya kwanza chini ya mwembe. Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu